Tukienda Roma, Twende na Karatasi za Kweli



Tangu Jubilei ya mwaka 2025 ilipokwisha, neno moja linarudi kila mara katika vikao vyetu: Italia. Wengi wetu hatukuweza kwenda wakati Milango Mitakatifu ilipokuwa wazi, na sasa kundi la wanachama linaweka akiba mwezi kwa mwezi ili kuiona nchi ile ambamo Petro na Paulo walimwaga damu yao. Wapo wanaonong'ona kwamba fedha hizo zingewafaa zaidi wakimbizi waliojaa katika parokia zetu. Hatuwapuuzi. Lakini tunakumbuka pia ni nani aliyesema maneno kama hayo juu ya marhamu ya Bethania. Mtu aliyejinyima miaka mitatu ili apige magoti penye kaburi la Mtume hakumwibia maskini.

Kinachotusumbua ni namna safari yenyewe inavyopangwa.

Ratiba tuliyoonyeshwa inaahidi siku nane: Roma, Assisi, Firenze, Pisa, Venezia, Milano. Kutoka Roma hadi Venezia peke yake ni zaidi ya kilometa 500. Tutaamka gizani, tutasinzia ndani ya basi, tutashuka mbele ya mnara ulioinama, tutapiga picha, kisha tutapanda tena. Jioni hatutaweza kusema tulisali wapi. Sisi tunaona heri Roma siku sita na Assisi siku mbili. Mwaka 2026 unatimiza miaka 800 tangu Mtakatifu Fransisko alipofariki, na mji wake mdogo unastahili kutembelewa kwa miguu, bila haraka. Venezia haitahama.

Na katika Roma yenyewe, ratiba hiyo inatupeleka kuona yale ambayo kila mtu huyaona, lakini inapita kando ya yale yanayotuhusu. Chukua Basilika ya Bikira Maria iitwayo Santa Maria Maggiore. Imeandikwa pale kwa sababu ya kaburi la Baba Mtakatifu Fransisko, aliyezikwa humo mwezi wa Aprili 2025, na ni haki. Lakini muda uliopangwa ni dakika arobaini, na hakuna neno hata moja juu ya Mkongo aliyezikwa humo zaidi ya miaka 400 kabla yake.

Jina lake ni António Manuel Ne Vunda. Mwaka 1604 mfalme Álvaro wa Pili wa Kongo alimtuma awe balozi wake kwa Baba Mtakatifu. Safari ilimpitisha Brazili, ikampitisha Ureno na Hispania; njiani aliporwa na maharamia, na wengi wa wenzake walikufa. Alifika Roma mwanzoni mwa Januari 1608, akiwa mgonjwa sana, na wenzake wachache tu. Papa Paulo wa Tano alikwenda mwenyewe kumtembelea kitandani. Siku chache baada ya kufika, karibu na sikukuu ya Epifania, Ne Vunda alifariki. Mapokezi makubwa aliyoandaliwa yakageuka maziko. Sanamu ya kichwa na kifua chake, iliyochongwa na Francesco Caporale katika jiwe jeusi, ingali katika basilika ile hata leo. Ni wangapi kati yetu tuliosoma habari hiyo shuleni? Tulifundishwa kwa miaka mingi kana kwamba Wakristo wa Kongo walianza na mamisionari wa karne ya 19. Mbele ya jiwe lile mtu anaona kwamba wazee wetu walikuwa na mjumbe mjini Roma wakati nchi nyingi za Ulaya ya leo hazijazaliwa.

Jumapili ya safari, badala ya kwenda sokoni, twende Piazza Pasquino, karibu na Piazza Navona, katika kanisa dogo la Natività di Gesù, ambamo Wakatoliki wa Kongo waishio Roma hukusanyika. Watatuambia mengi kuliko kiongozi wa watalii aliyeinua mwavuli.

Kisha tufike Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta. Hapo ndipo neno letu zito lilipo. Tarehe 15 Juni 2025, katika basilika hiyo, Floribert Bwana Chui wa Goma alitangazwa Mwenye heri. Tunamjua: mlei kama sisi, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, mfanyakazi wa ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa. Walimletea fedha ili aachilie chakula kilichooza kipite mpakani na kuuzwa kwa watu. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 walimteka na kumwua, akiwa na miaka 26. Hakufa kwa kukataa kuikana Imani mbele ya hakimu mpagani. Alikufa kwa kukataa matabishi, jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, la kila siku, la kuchekea.

Sasa tulinganishe. Katika kikao kilichopita mwenzetu mmoja alieleza kwamba anamfahamu mtu wa kati anayeweza kutengeneza hati ya benki: fedha zinawekwa katika akaunti kwa siku chache, hati inachapishwa, kisha fedha zinarudi kwa mwenyewe. Mwingine alisema mwajiri wake yuko tayari kumwandikia mshahara ambao hajaupokea hata siku moja. Watu wakacheka. Mmoja akaongeza kwamba viza ni ukuta uliojengwa ili kutudharau, na kumdanganya anayekudharau si dhambi.

Tunakubali nusu ya neno hilo. Mtu wa Ulaya huamka na kuamua kwenda kutalii. Sisi tunalipa euro 90 ambazo hazirudi hata tukikataliwa, tunatafuta bima ya euro 30,000, tunasafiri hadi Kinshasa ili kutoa alama za vidole, na tunaeleza maisha yetu yote mbele ya dirisha la kioo. Ni jambo la kuumiza, na maaskofu na serikali wana wajibu wa kulisemea. Lakini tutapigaje magoti mahali alipotukuzwa Floribert, huku tumefika kwa karatasi ambayo yeye angeikataa mezani pake?

Lipo pia jambo ambalo watu hawalitamki. Wapo wanaotazama safari hii kama mlango wa kutorudi. Anayekimbia vita ana haki ya kuomba hifadhi, na hatumhukumu. Lakini barua ya shirika letu, yenye sahihi ya padri mlezi, inasema: huyu anakwenda kusali na atarudi. Akitoweka mmoja, kundi linalofuata, wenye nia njema wote, watafungiwa dirisha, na neno la padri litakuwa neno la mwongo.

Kwa hiyo tunaomba katibu asipeleke barua kwa yeyote kabla ya kuona hati yake halisi ya benki. Anayepungukiwa aseme wazi. Tutafute mdhamini wa kweli, au angoje mwaka mwingine. Maombi ya viza hupokelewa miezi sita kabla ya safari, basi muda upo. Twende Oktoba au Novemba, joto la Agosti likiwa limepita. Tiketi za Makumbusho ya Vatikano zinunuliwe mapema. Zile za kuonana na Baba Mtakatifu siku ya Jumatano ni bure, na anayeziuza ni mwizi. Vitenge vyetu vinafaa kabisa, mradi mabega na magoti yafunikwe.

Daftari la nia za wasiosafiri litafunguliwa Jumapili, baada ya Misa ya pili. Mama mmoja mzee wa parokia, ambaye hajapanda ndege maishani mwake, amekwisha leta yake. Anaomba mtu amsalimu yule mjumbe wa Kongo, kwa jina lake.