Watoto Hawa Hawakuzaliwa Septemba 2019

Jumapili iliyopita, katika kanisa moja la hapa Uvira, mchungaji aliiweka Biblia kando akaanza kuyahukumu masomo ya bure. Alisema kitu cha bure hakina thamani. Alisema tangu primi, mchango wa mzazi kwa mshahara wa mwalimu, ifutwe kalasi zimejaa hadi mwalimu hana pa kupita, watoto hawajui kusoma, na mzazi anayejiheshimu angeomba mwenyewe kulipa kama zamani. Waumini wakaitika amina. Baadhi yao nawajua: watoto wao wako shuleni leo kwa sababu hakuna anayewadai.

Maneno hayo si ya mchungaji peke yake. Nayasikia ndani ya gari la kwenda Sange, nayasikia kwenye misiba na harusi, nayasikia hasa kwa wazee wenye diploma zao, waliosoma zamani, wakati serikali ilipokuwa ikiwalipa walimu na wazazi wao hawakujua primi ni kitu gani. Hao ndio wananiudhi kuliko wote. Walipanda ngazi ya bure, wakafika juu, sasa wanatuambia ngazi ya bure haipandishi mtu.

Nianze na hilo la kalasi kujaa, maana ndilo wanalolishika kwa mikono miwili. Darasa la kwanza lina watoto mia na zaidi. Kweli. Dawati la watoto wawili linakaliwa na wanne, wengine wako chini. Kweli, nimeona kwa macho yangu. Sasa nijibuni: watoto hao walitoka wapi? Masomo ya bure yalianza Septemba 2019. Watoto walioingia darasa la kwanza mwaka ule wakiwa na miaka saba, minane, hata kumi, hawakuzaliwa Septemba 2019. Walikuwa hapa hapa. Walikuwa wakichota mchanga mtoni Mulongwe, wakibeba mizigo ya watu mpakani Kavimvira, wakianika ndagala Kalundu, wakilea wadogo zao huku mama yuko shambani katika uwanda wa Ruzizi. Walipita mbele ya shule hizo hizo kila asubuhi, na sikumsikia mchungaji hata mmoja akilia madhabahuni kwamba kalasi zina viti vitupu. Nafasi ile mnayoitamani ilikuwapo kwa sababu kuna mtu alisimama mlangoni akiwazuia wengine. Ilikuwa kiti cha mtoto wa jirani yenu.

Kila anayeniambia kalasi zimejaa, nitamjibu hivyo hivyo, leo na kesho. Ukiona watoto mia katika chumba cha watoto 50, umeona idadi ya waliokuwa wakifungiwa nje. Hiyo si hoja ya kuwafukuza. Ni hoja ya kujenga chumba cha pili na kumlipa mwalimu wa pili.

Vijana wengi hawajui primi ilitoka wapi, na wakubwa wanaojua wanajifanya wamesahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Zaire ya Mobutu ilimwacha mwalimu bila mshahara wa kumlisha. Walimu wakagoma, mwaka wa masomo ukawa hatarini, na maaskofu Wakatoliki pamoja na wazazi wakakubaliana kwamba mzazi amwongezee mwalimu kidogo, kwa muda, hadi serikali irudi kazini. Muda huo ulikaribia miaka 30. Katiba ya Februari 2006 ikaja, ibara ya 43 ikasema waziwazi kwamba shule ya msingi ni ya lazima, na katika shule za umma ni bure. Hapa niwakumbushe wenye makanisa: shule nyingi za umma ni zenu kwa usimamizi, tangu mkataba wa 1977 mliotia sahihi na serikali. Kwa hiyo ibara ya 43 inawahusu ninyi kabla ya mtu mwingine yeyote. Miaka 13 ibara hiyo ililala kwenye karatasi huku watoto wakifukuzwa.

Na walifukuzwaje? Aliyesoma enzi hizo anajua. Direktere anaingia kalasini na karatasi mkononi. Mwalimu anaacha hesabu ubaoni. Majina yanasomwa. Aliyetajwa anakusanya daftari lake, anatoka, wenzake wanamtazama. Ilikuwa hivyo kila mwezi, na mara nyingine wiki ya mtihani, maana ndipo mzazi hubanwa vizuri. Kwetu nyumbani tulikuwa watoto wengi na primi ilitosha wawili. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wawili kwa sababu ni mwanamume. Dada yangu, aliyenipita mbali kwa akili, jina lake lilisomwa akiwa darasa la nne na hakurudi tena. Leo anauza samaki. Anakokotoa bei ya kilo, faranga za Kongo na za Burundi kwa pamoja, kichwani, bila karatasi, na mimi mwenye diploma bado natafuta kalamu. Mchungaji aje amwambie yeye kwamba kulipa ndiko kunakoipa shule thamani.

Wangapi kama yeye? Hapa uwandani na pwani ya ziwa, kuanzia Kamanyola hadi Baraka, fedha ilipokuwa haba, binti ndiye aliyeachwa nyumbani kwanza. Hilo halihitaji mtafiti kutoka Ulaya kuja kutuhesabia. Kila ukoo una majina yake.

Wanaoitetea primi nao wanasema: basi mwalimu alikuwa akishiba kwayo. Alishiba nani? Fedha ile haikubaki mikononi mwa mwalimu. Ilipanda. Sehemu ilikwenda kwa direktere, sehemu kwa ofisi ya elimu ya serikali, sehemu kwa ofisi ya kanisa inayosimamia shule, na huko juu zaidi. Kila mlango ulikuwa na asilimia yake. Ndagala za mama wa Kalundu zilinunua karatasi na mafuta ya ofisi ambazo hajawahi kukanyaga. Kwa hiyo ninaposikia sauti nzito zikiililia primi, nasikiliza pia zinatoka kwenye kiti gani. Mwalimu wa kalasi simlaumu. Yeye ana haki ya kulia, na nitafika kwake.

Lile la kitu cha bure kukosa thamani karibu nililiruka, kwa kuwa halina miguu. Mchungaji huyo huyo, kabla ya kufika kwenye shule, alituhubiria kwamba neema haiuzwi, kwamba Mungu anaitoa bila malipo kwa maskini na tajiri. Hakuna aliyeinuka kusema neema imeharibika. Na isitoshe, nani aliwaambia masomo haya ni ya bure? Mama wa sokoni Mulongwe analipa kodi ya meza yake kila asubuhi. Anayevuka Kavimvira na gunia la mchele analipa hapa, analipa pale, anamalizia kwa askari. Mwenye pikipiki analipa, mvuvi analipa. Tumelipa. Tunachotaka ni shule tuliyokwisha kuilipia.

Tazameni ng'ambo. Usiku mkisimama ufukweni mnaziona taa za Bujumbura. Burundi, nchi iliyotoka vitani, iliyo maskini kama sisi na isiyo na kobalti wala dhahabu ya kulingana na yetu, ilifuta karo ya shule ya msingi mwaka 2005. Kalasi zao zilijaa pia. Kenya ilifuta Januari 2003, zikajaa, hadi Mzee Kimani Maruge akaingia darasa la kwanza huko Eldoret akiwa na umri wa miaka 84. Uganda ilianza 1997, Tanzania ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wote walikuta madawati hayatoshi. Hakuna hata mmoja aliyerudisha karo ya shule ya msingi kwa sababu watoto ni wengi. Ni sisi tu, wenye nchi kubwa na ardhi yenye kila madini, tunaotaka kutibu wingi wa watoto kwa kuwapunguza mlangoni.

Na hizi shule za binafsi zinazoota kila avenyu, zenye kuta za rangi ya machungwa na jina la malaika, nazo zinanikera. Mwenye nazo hutangaza kwamba kwake kalasi ina watoto 30. Bila shaka ina 30, maana mwenye kitu ndiye anayeingia. Baadhi ni za wachungaji. Sisemi ni vibaya mchungaji kuwa na shule. Nasema asiitukane shule ya umma Jumapili, kisha Jumatatu apokee karo za waliomwamini. Wakati huohuo wanasiasa wetu huja kampeni zikifika, wanagawa vitenge vyenye sura zao, kisha wanapotea. Ziwa lilipopanda mwaka 2024 likaingia katika nyumba na shule za mji huu, na miaka minne kabla yake, Aprili 2020, Mulongwe ulipofurika ukabeba watu na nyumba, kitenge hakikumwinua mtoto yeyote kutoka majini. Madawati yaliyooza miaka ile nayo mnataka kuyaandikia masomo ya bure?

Anayestahili hasira yenu yuko Kinshasa. Juni 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kwa mradi ambao jina lake lenyewe linataja usawa katika elimu. Mwaka uliofuata mahakama iliwahukumu wakuu wawili wa sekta hiyo hiyo, mmoja wa ukaguzi, mwingine wa ofisi ya malipo ya walimu, kwa kula fedha, baada ya wakaguzi wa fedha kukuta walimu hewa na shule hewa katika orodha. Yaani yuko mwalimu asiyekuwapo aliyelipwa, na yuko mwalimu wa kweli, hapa Kabindula au kule milimani juu ya Uvira, anayefundisha watoto zaidi ya mia bila matrikule, yaani namba ya kuwa kwenye orodha ya mishahara, miaka na miaka, akiitwa mpya hadi nywele zinaota mvi. Wenzake walio kwenye orodha wanashuka milimani kwa miguu kufuata mshahara, na safari yenyewe inaumeza. Huyo ndiye aliyeharibiwa. Na dawa yake ni matrikule na mshahara unaofika. Kumrudishia primi ni kumwambia: nenda ukamnyang'anye aliye maskini kuliko wewe.

Sasa subirini muone mchezo wenyewe unavyohamia mahali pengine. Sheria ya elimu ya 2014 inahesabu elimu ya msingi kuwa miaka minane. Lakini masomo ya bure yanakoma darasa la sita. Mtoto anafanya ENAFEP, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, anafaulu, mama anapiga vigelegele, na wiki chache baadaye anapewa orodha ya fedha za darasa la saba. Mlango wa darasa la kwanza umefunguliwa, wa darasa la saba umetiwa kufuli lile lile, na anayebaki nje ni yule yule, mtoto wa muuza ndagala, na kwa kawaida ni binti. Wabunge wa Uvira na Fizi wanajua. Waulizwe kabla ya shule kufunguliwa Septemba: darasa la saba na la nane mtalipia lini, na walimu wasio na matrikule katika mji huu mtawaingiza lini kwenye orodha? Nataka tarehe.