Karata si kamari: mwalimu, mrudishie mtoto kadi zake

Mpwa wangu, msichana wa gredi ya sita, alinijia majuzi akiwa amenuna. Alikuwa amekwenda shuleni na kadi saba tulizozikata kwa katoni wakati wa likizo. Kabla ya kipindi cha pili kumalizika, kadi hizo zilikuwa zimefungiwa katika mtoto wa meza ya mwalimu. Kosa lake? Kuleta karata darasani.

Simlaumu mwalimu huyo moja kwa moja. Katika miji yetu neno karata limechafuliwa na walaghai wa pata potea, wanaowapora wasafiri nauli zao vichochoroni. Mwalimu aonapo kadi mikononi mwa mtoto, huona kamari. Hata hivyo, kumnyang'anya mtoto kadi pasipo kuuliza zina nini ni sawa na kumnyang'anya kitabu kwa sababu ya rangi ya jalada lake.

Kadi zenyewe zilikuwa na nini? Mchezo wenyewe ni rahisi. Kila kadi ina picha tatu. Kadi mbili hufunuliwa mezani, na wa kwanza kuitaja picha iliyomo katika zote mbili ndiye anayezichukua. Sharti ni kwamba kadi zozote mbili ziwe na picha moja inayofanana, isizidi moja wala isikosekane.

Nilidhani kazi hiyo ingenichukua dakika kumi. Mimi ni mwalimu wa isimu, nikachora picha kama zilivyonijia akilini. Hatukucheza raundi tatu kabla ya ugomvi kuzuka. Kadi mbili hazikuwa na picha yoyote ya pamoja, na nyingine mbili zilifanana kwa picha mbili. "Mjomba," mpwa wangu akaniambia, "mchezo wako una kasoro." Alisema kweli. Nilikuwa nimechora picha bila kupiga hesabu.

Tulikaa chini, tukafuta na kuandika upya hadi tukaupata mpangilio huu, ambao msomaji aweza kuunakili:

1. embe, kiti, samaki
2. embe, taa, mkeka
3. embe, ufagio, jembe
4. kiti, taa, ufagio
5. kiti, mkeka, jembe
6. samaki, taa, jembe
7. samaki, mkeka, ufagio

Chagua kadi zozote mbili uzilinganishe. Hutakosa picha ya pamoja, wala hutapata mbili. Na kwa nini kadi ni saba? Itazame kadi ya kwanza. Kila picha imo katika kadi tatu, kwa hiyo embe linaelekea kwenye kadi nyingine mbili, kiti mbili, na samaki mbili. Hizo ni sita. Ongeza ile ya kwanza, upate saba. Ukitaka picha nne kwa kila kadi, zidisha nne kwa tatu, uongeze moja: kadi 13. Picha tano hutoa kadi 21, na sita hutoa 31.

Wachezaji wa dhumna katika baraza za Mombasa na Lamu wataitambua hesabu hii. Seti ya dhumna ina vipande 28. Ondoa vile saba ambavyo pande zake mbili zinalingana, vinabaki 21, na katika hivyo kila namba hukutana na kila nyingine mara moja tu. Katika kadi zetu pia, kila picha hukutana na kila nyingine mara moja tu. Jozi ni zile zile 21, ila zimefumwa tatu tatu katika kadi saba.

Fikra hii ina ukoo mrefu. Mwaka 1850 kasisi Mwingereza, Thomas Kirkman, alichapisha fumbo la wasichana 15 wa shule wanaotembea watatu watatu kwa siku saba, pasiwe na wawili wanaoandamana zaidi ya mara moja. Mwaka 1976 Mfaransa Jacques Cottereau alilitegemea fumbo hilo kubuni mchezo wa kadi 31 zenye picha za wadudu. Kutokana na kazi yake ukazaliwa mchezo wa Dobble, uliochapishwa Ufaransa mwaka 2009 na ambao sasa huuzwa katika nchi nyingi. Wao hutumia picha nane kwa kila kadi. Hesabu inaruhusu kadi 57, nao wakachapisha 55.

Mwanafunzi makini atauliza: mbona tumeruka picha saba? Kanuni yetu inadai kadi 43, lakini kadi hizo haziwezi kupangwa, hata ukikesha mwaka mzima. Twalijua hilo kutokana na uthibitisho alioutoa Gaston Tarry mwaka 1901 kuhusu fumbo la maafisa 36 la Leonhard Euler. Kwa picha 11, jibu la hapana lilipatikana mwaka 1989 kwa msaada wa kompyuta. Na kwa picha 13, zinazodai kadi 157? Hadi leo hakuna ajuaye. Mtoto aliyeanza na katoni na makasi amefika mahali ambapo maprofesa wa dunia nzima wamekwama. Ni somo gani jingine lingemfikisha hapo kwa njia fupi hivyo?

Nami, kwa kuwa ni mtu wa lugha, niliongeza sharti moja. Hapati kadi anayepiga kelele "Samaki!" pekee. Sharti aseme, "Samaki huyu ni yule," "Kiti hiki ni kile," "Mkeka huu ni ule." Akikosea upatanisho wa kisarufi, kadi inakwenda kwa mwenzake. Ngeli, zinazowatesa wengi katika mtihani, zikawa jambo la kushindaniwa kwa kicheko.

Mwaka 2025 Wakenya walijadiliana kwa ukali kama hisabati iwe somo la hiari katika sekondari pevu, na hatimaye serikali ikaamua kila mwanafunzi aendelee kusoma hisabati ya aina moja au nyingine. Uamuzi huo naukubali. Lakini kulilazimisha somo si kulifanya lipendwe. Mtaala wa umilisi unamtaka mtoto atende, abuni na aeleze. Kadi saba zinamwezesha kutenda yote matatu, na gharama yake ni boksi kuukuu na kalamu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu jambo dogo. Kabla ya kumpokonya mwanafunzi kadi, mwulize: "Mchezo huu unachezwaje?" Akishindwa kueleza, mwongoze. Akiweza, mpe kazi ya kutengeneza zile kadi 13 zenye picha nne nne, na usimwonyeshe jibu. Nanyi wanafunzi, msingoje kuruhusiwa; kazi hiyo yaweza kuanzia nyumbani jioni hii.

Kadi za mpwa wangu, hadi ninapoandika, zingali katika mtoto wa meza. Yeye ameshakata nyingine 13.