Siku chache kitandani, bili haipungui

Bila shaka umewahi kushauriwa hivi: “Mpeleke mzee hospitali inayoshughulikia mifupa pekee. Huko hatalala siku nyingi, kwa hivyo utalipa kidogo.” Sehemu ya kwanza ya ushauri huo aghalabu ni kweli. Ya pili inafaa kuchunguzwa kabla hujaitisha harambee.

Marekani walilichunguza jambo hili. Madaktari huko walikuwa wamefungua hospitali zao wenyewe za moyo, mifupa na upasuaji, nazo hospitali kuu zikalalamika kuwa zinanyang'anywa wagonjwa wenye faida. Mwaka wa 2003 Bunge lilizuia kwa miezi 18 upanuzi wa hospitali hizo na kuagiza uchunguzi. Ripoti ya tume ya MedPAC ilitoka mwaka wa 2005. Wagonjwa wa hospitali hizo walilazwa siku chache, naam, lakini gharama ya kuwatibu haikuwa ndogo. Tena walikuwa wagonjwa ambao hali zao si mbaya sana, na maskini miongoni mwao walikuwa wachache.

Usishangae. Katika upasuaji, pesa nyingi huliwa siku ya kwanza: chumba cha upasuaji, dawa ya usingizi, chuma cha kuunga mfupa. Siku ya nne ni kitanda, chakula na vidonge. Ukiipunguza hiyo, umeokoa kidogo tu.

Hata hivyo, kuna hospitali maalumu zilizoshusha bei kwelikweli. Hospitali ya macho ya Aravind, iliyoanzishwa Madurai, India, mwaka wa 1976 na Dkt Govindappa Venkataswamy, huondoa mtoto wa jicho kwa wagonjwa wengi mno kila siku, na malipo ya wanaojiweza huwatibu wasio na kitu. Huko wingi wa kazi ndio uliopunguza gharama.

Kwa hivyo usiilaumu Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta kwa kuwalaza watu muda mrefu. Hupelekewa aliyegongwa na pikipiki usiku wa manane na mwenye kisukari aliyekwisha kukataliwa kwingine. Hospitali inayochagua wagonjwa itakosaje kuwaruhusu mapema?

Ukienda kuuliza bei, omba makadirio kwa maandishi. Je, ada ya daktari wa kutia usingizi imo? Chuma je? Mazoezi ya viungo? SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa kiasi gani hapo, na wewe utaongeza ngapi? Na swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: mzee akizidiwa usiku, kuna chumba cha wagonjwa mahututi hapo hapo, au atabebwa kwa ambulensi hadi hospitali kuu? Nani atailipa ambulensi hiyo?

Kisha piga hesabu ya nyumbani. Mgonjwa akiruhusiwa siku ya pili, wewe ndiwe muuguzi. Kuna teksi ya kwenda kubadilishwa bendeji, na kuna mtu atakayekosa kazi wiki nzima ili amsaidie kufika msalani.