Mfuko Mbadala Unatumika Mara Ngapi?

Anayeikumbuka Dar es Salaam ya kabla ya Juni 1, 2019 hahitaji kushawishiwa kuhusu marufuku ya mifuko ya plastiki. Rambo, kama tulivyoiita mifuko hiyo, zilikuwa zimening'inia kwenye miti, zimeziba mitaro, na mvua ikinyesha Mto Msimbazi unazisomba hadi baharini. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza marufuku hiyo bungeni mwezi Aprili, na tarehe ilipofika watu walitii haraka kuliko wengi walivyotarajia. Wauza genge waliozoea kutoa mfuko mweusi hata kwa nyanya mbili waliacha. Zanzibar ilikuwa imetangulia tangu 2006, Rwanda 2008, na Kenya Agosti 2017. Naamini ulikuwa uamuzi sahihi, na ndiyo maana inaniuma kuona faida yake ikipungua mwaka hadi mwaka.

Rambo za magendo zipo, lakini hazinisumbui sana. Kinachonisumbua ni huu tunaouita mfuko mbadala, wa rangi rangi, laini mkononi, unaouzwa kila pembe ya soko. Wengi wanaamini ni kitambaa. Sivyo. Ni polipropilini, plastiki ile ile ya viroba vya unga na sukari, ila nyuzi zake hazikufumwa, zimegandamanishwa kwa joto. Uache juani kwa miezi kadhaa, utaanza kumeguka na kutoa vumbi la nyuzi ambalo hakuna mfagiaji atakayeliokota.

Sisemi mfuko huo haufai. Nasema faida yake yote imo katika kurudiwa. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha utafiti uliolinganisha aina mbalimbali za mifuko kwa mchango wake katika kuongeza joto duniani. Kipimo kilikuwa mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja tu. Ili kuufikia, mfuko wa karatasi ulihitaji kutumika mara 3, wa polipropilini mara 11, wa pamba mara 131. Sababu yake kubwa ni uzito: mfuko imara hubeba malighafi nyingi, na malighafi hiyo imechimbwa au kulimwa, ikachakatwa na kusafirishwa. Kwa hiyo mfuko mbadala unaotupwa baada ya safari moja, kwa kipimo hicho, ni mzigo mkubwa kuliko rambo tuliyoipiga marufuku. Rambo bado ilikuwa mbaya kwa mitaro, mifugo na bahari, hilo halibishaniwi. Lakini hatukuondoa rambo ili tuweke mahali pake plastiki nzito zaidi ya kutumia mara moja.

Hapa lazima tuwatendee haki watu. Nyumba nyingi hazitupi mfuko. Ukitoka sokoni utahifadhi nguo, utabeba madaftari ya mtoto, mwishowe utatiwa mkaa. Tatizo liko kwa mtu anayeshuka daladala jioni, anapita gengeni hana chochote mkononi, na ananunua mfuko mpya. Kesho vivyo hivyo. Anayenunua mboga za shilingi elfu moja akalipia mfuko wa mia tatu, ametumia karibu theluthi ya bei ya mboga kwa kitu ambacho huenda tayari anacho nyumbani.

Na mifuko yenyewe? Kiwango cha Shirika la Viwango, TBS, kinataka gramu 70 kwa mita ya mraba. Iliyo chini ya hapo bado inapenya sokoni, na mishikio yake hukatika kabla mtu hajaizoea. Mfuko wa namna hiyo hauwezi kufika safari ya 11 hata mwenyewe akiwa na nia njema kiasi gani.

Wapo wanaosema dawa ni adhabu. Kanuni za 2019 zimeweka faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000 kwa anayekutwa na mfuko uliokatazwa, na kwa mtengenezaji inaanzia milioni 20 hadi bilioni moja. Ni ngazi nzuri kwenye karatasi. Lakini mwenye meza barabarani ndiye rahisi kukamatwa, naye si chanzo. Ukitaka mfuko hafifu ukome, fuata mashine inayoutoa na kontena linaloingia nao.

Tena adhabu haijibu swali la mtu mwenye samaki wanaovuja maji. Sheria iliruhusu vifungashio kwa bidhaa za viwandani, kilimo, vyakula vilivyosindikwa na dawa. Punde vile vya nailoni nyembamba vikageuzwa vibebeo vya nyama, dagaa na mboga, hadi Serikali ikalazimika kuingilia tena mwaka 2021. Watu hawakufanya hivyo kwa ukaidi. Hakuna aliyewaambia watabebaje samaki kutoka soko la Feri hadi Gongo la Mboto. Jibu lipo na ni la zamani: chombo chenye kifuniko ndani ya kikapu. Wanaonunua mafuta ya kula ya kupima huenda na chupa yao dukani na hakuna anayewashangaa. Bucha nalo linaweza kupima nyama kwenye bakuli la mteja.

Kikapu cha ukili nakipenda. Akina mama wa Pemba, Tanga na Mafia wanaendelea kusuka, na kikichakaa hurudi udongoni. Ila tukiri kwamba hakikunjiki kuingia kwenye mkoba wa mtu aliyetoka kazini. Kwa huyo ningependekeza mfuko wa vitambaa vilivyobaki kwa fundi cherehani. Ile hesabu ya 131 ni ya pamba mpya, na mabaki ya vitenge hayahitaji shamba jipya.

Bei nayo ina nguvu, ikiwekwa vizuri. Ireland ilianza kutoza senti 15 za euro kwa kila mfuko mwaka 2002, na matumizi yakashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Uingereza ilipotoza ada, mifuko myepesi ilipungua sana, lakini mizito ikapanda: ripoti ya mashirika ya mazingira ya Greenpeace na EIA ya 2019 ilihesabu mifuko mizito bilioni 1.5 iliyouzwa na maduka makubwa mwaka 2018, wastani wa 54 kwa kila kaya. Njia hiyo ya kubadilisha mifuko myepesi kwa mizito ndiyo tunayoifuata sasa.

Kwa hiyo kiwango cha TBS kinachotaja gramu kitaje pia safari: mfuko ujazwe kilo kadhaa, uinuliwe tena na tena, na idadi iliyofikiwa kabla ya mshikio kukatika ichapishwe ubavuni mwake. Maduka makubwa yaupokee uliochakaa na kumrudishia mteja sehemu ya bei. Na muuza genge aulize kwanza, "Umekuja na mfuko?", kabla ya kunyoosha mkono kuchukua mpya.