Delhi itangaze kabla ya mvua

Tarehe 5 Agosti 2017 Serikali ya India ilitoa tangazo fupi: mbaazi zinazoingia kutoka nje zisizidi tani 200,000 kwa mwaka wa fedha. Malawi haikutajwa popote. Lakini mkulima wa Phalombe na Chiradzulu, kusini mwa nchi hiyo, alikuwa ameshavuna, ameshapura, ameshapepeta, na magunia yamepangwa ukutani yakingoja mnunuzi. Mnunuzi akaja na bei ya kutupa. Kwingine hakuja kabisa.

Huku kwetu hadithi hiyo haihitaji msimulizi. Mwaka uleule mbaazi za Lindi, Mtwara na Manyara zilikosa bei, na wapo walioona kuzivuna ni kujichosha bure wakaziacha shambani. Tofauti ni kwamba Tanzania ina dhahabu, watalii, korosho na bandari za kuegemea. Malawi haina bahari, na fedha zake za kigeni kwa sehemu kubwa zinatoka kwenye zao moja, tumbaku, ambalo dunia nzima inalipiga vita. Novemba 2023 Benki Kuu yake ililazimika kuishusha thamani kwacha, bei ya dola moja ikapanda kwa asilimia 44, kutoka kwacha 1,180 hivi hadi 1,700. Dawa, pikipiki na mashine anazouziwa Mmalawi kutoka India hulipiwa kwa dola hizohizo zisizopatikana. Kwa nchi iliyobanwa hivyo, gunia la mbaazi linalofika Mumbai si jambo dogo.

Tangazo la 2017 halikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2015 mvua zilikuwa haba India, na kilo ya mbaazi zilizokobolewa ikakaribia rupia 200 dukani. Katika nchi yenye mamilioni ya watu wasiogusa nyama, bei hiyo inaweza kuitikisa serikali kama bei ya sembe inavyoitikisa Lilongwe. Julai 2016 Waziri Mkuu Narendra Modi alikwenda Maputo, yakasainiwa makubaliano ya kuchukua mbaazi za Msumbiji, kutoka tani 100,000 hadi 200,000 kwa mwaka. Habari zikasambaa ukanda mzima kwamba India inataka mbaazi. Watu wakapanda.

Ila wakulima wa Maharashtra na Karnataka nao walikuwa wameiona ile bei ya dukani. Wakapanda kwa fujo. Mavuno ya India yakatoka tani milioni 2.5 hivi msimu mmoja hadi karibu milioni 5 msimu uliofuata. Soko likafurika, wakulima wao wakapiga kelele, na Delhi ikafanya ambalo serikali yoyote yenye wapiga kura ingefanya.

Hatuilaumu India kwa kuwalinda watu wake. Tunailaumu kwa saa iliyochagua.

Mbaazi za kusini mwa Malawi hupandwa na mvua za kwanza, Novemba na Desemba, zikichanganywa na mahindi. Mahindi yakishavunwa, mbaazi hubaki zimesimama peke yake, zinachanua wakati wa baridi, na mwenye shamba anashinda akifukuza mbuzi wa jirani, kwa sababu kijijini mahindi yakitoka mifugo huachiwa huru. Uvunaji unaanza Juni au Julai na kwenda hadi Septemba. Kwa hiyo kuanzia mbegu kuingia ardhini mpaka gunia kufungwa inapita miezi minane au tisa. Muda wote huo mkulima hana habari kama mlango wa India utakuwa wazi atakapofika.

Delhi ina kalenda yake. Mwaka wa fedha wa India huanza Aprili, na ruhusa ya kuingiza mbaazi bila ukomo, ambayo tangu 2021 imekuwa ikiongezwa mwaka hadi mwaka, huhesabiwa hadi tarehe 31 Machi. Ifikapo Machi, mbaazi za Phalombe zimeshafika kiunoni. Mkulima hawezi kuzing'oa apande karanga.

Na kuna kipindi ambacho India yenyewe inazihitaji mbaazi zetu. Za kwao hupandwa Juni na Julai, huvunwa kuanzia Desemba. Kati ya Agosti na Novemba maghala yao huwa yanapungua, na meli za kutoka Nacala, Beira, Mtwara na Dar es Salaam huingia hapohapo katikati. Biashara hii ina mantiki ya majira. Haikubuniwa na wanadiplomasia, nao hawana sababu ya kuiharibu.

Malawi ilijifunza kitu kutoka 2017. Ilipoona Msumbiji haikuguswa na ule ukomo kwa sababu ilikuwa na hati yake mkononi, nayo ikaitafuta ya kwake. Ikaipata 2021: tani 50,000 kwa mwaka kwa miaka mitano ya fedha, kuanzia 2021/22 hadi 2025/26. Lilongwe walisherehekea, na walikuwa na haki. Lakini hati hiyo ukiisoma bila miwani ya sherehe, inasema mbaazi zitaingizwa na wafanyabiashara binafsi, kwa cheti kinachothibitisha zimetoka Malawi. Inaruhusu. Haimlazimishi mtu yeyote India kununua hata kilo moja, wala haisemi kwa bei gani.

Tani 50,000 zenyewe, kwa India, ni asilimia moja hivi ya mavuno yake ya mwaka mzuri. Hazitamtikisa mkulima wa Karnataka hata kidogo. Hapo ndipo tunaposhindwa kuelewa ugumu uko wapi: jambo lisilomgharimu mkubwa chochote linampa mdogo usiku wa kulala, na bado linaandikwa kwa lugha ya kuchungulia dirishani.

Tunachodhani Malawi inapaswa kukidai si tani zaidi. Idai taarifa. Kama India inataka kuweka ukomo, kupandisha ushuru au kubadili masharti ya vyeti, iseme kabla ya mwisho wa Oktoba, na mabadiliko hayo yasiguse mbaazi zilizokwisha kupandwa. Sentensi mbili tu. Watasema hawawezi kujua Oktoba mvua zao za mwaka ujao zitakuwaje. Ni kweli. Wala mkulima wa Thyolo hajui za kwake, na hana akiba ya taifa nyuma yake. Katika biashara ya watu wawili, hasara ya kutojua ibebwe na mwenye mabega mapana.

Ushuru nao una njia zake za pembeni. Desemba 2023 Delhi ilizifungulia mlango bila ushuru njegere za manjano, ambazo huzalishwa kwa mashine Canada na Urusi kwa bei ambayo mkulima wa jembe la mkono hawezi kuikaribia. Hakuna aliyezigusa mbaazi kwenye karatasi. Lakini mama wa nyumbani wa Nagpur akiona sufuria inajaa kwa bei nafuu zaidi, mbaazi zinabaki gulioni.

Oktoba 2024 Rais Droupadi Murmu alizuru Lilongwe, rais wa kwanza wa India kufika Malawi. Palisainiwa hati kuhusu sanaa na utamaduni, vijana, michezo na dawa. India ikatoa pia tani 1,000 za mchele, maana Malawi ilikuwa imepigwa na ukame. Mambo mema. Ila mgeni wa daraja hilo haji kila mwaka, na nafasi ya kumwambia jambo moja linalogusa maelfu ya kaya haikupaswa kupita hivihivi.

Malawi ina cha kuweka mezani, tena si kidogo. Mwaka 2022 kampuni ya Vulcan, ya kundi la Jindal la India, ilinunua kutoka kwa Vale ya Brazil mgodi wa makaa ya mawe wa Moatize huko Tete, pamoja na ushoroba wa reli wa Nacala. Ramani ya reli hiyo inachekesha: makaa yanatoka Msumbiji, yanaingia kusini mwa Malawi, yanakatiza ardhi yake, kisha yanarudi Msumbiji kwenda baharini. Nchi isiyo na bandari imekuwa njia ya mwenye bandari. Wahindi wanaihitaji ardhi hiyo kila treni inapopita, na mabehewa yanapita jirani kabisa na mashamba ya mbaazi. Hatujui kama kuna nchi nyingine ndogo iliyobahatika kupata karata ya namna hiyo ikaiacha mfukoni.

Karata hiyo ina kasoro zake. Kimbunga Freddy, Machi 2023, kiliua zaidi ya watu 1,000 Malawi na kusomba barabara na reli. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Msumbiji, mwishoni mwa 2024, zilifunga barabara na kukwamisha malori ya mafuta. Kwa hiyo Malawi inahitaji pia njia ya kaskazini, ya Kasumulu na Mbeya hadi Dar es Salaam, na hapa lazima tujiseme wenyewe. Aprili 2025, baada ya Malawi kuzuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje, Tanzania ilijibu kwa kupiga marufuku mazao yote ya kilimo ya Malawi. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, viongozi wakapeana mikono. Malawi ndiyo iliyoanza, na wafanyabiashara wetu wa ndizi waliumia. Lakini mtu anayelalamika Delhi inafunga mlango bila taarifa hawezi kuufunga wa kwake kwa mtindo uleule.

Kuhusu viwanda tutasema kwa kifupi, kwa sababu kila mtu anasema hivyo hivyo: mbaazi zikobolewe na kupasuliwa nyumbani. Vinu vipo Blantyre na Limbe tangu zamani, pumba zake zinalisha ng'ombe, na dal, yaani mbaazi hizo zilizopasuliwa, ina walaji Uingereza pia, si India peke yake. Kinachokosekana ni mtaji wa kununua mbaazi za mwaka mzima wakati wa msimu, na umeme usiokatika. Hotuba hazijawahi kuzungusha kinu.

Sisi tumejaribu dawa yetu ya stakabadhi ghalani na mnada wa wazi. Mwaka 2023 mbaazi ziliuzwa minadani kwa zaidi ya shilingi 2,000 kwa kilo, na mkulima akaijua bei bila kumsikiliza dalali aliyekuja na mizani yake begani. Lilongwe wanaweza kuja kuangalia ghala moja la Lindi na kuona kinachofanya kazi na kinachochelewesha malipo. Ila mnada wowote unamtegemea mnunuzi, na mnunuzi wa mwisho, kwa Lindi na kwa Phalombe, ni yuleyule.

Ndiyo maana ni ajabu kwamba Malawi, Msumbiji na Tanzania, zote wanachama wa SADC, kila moja inakwenda Delhi kivyake na karatasi yake. Mnunuzi akiona bei imesimama Blantyre, anapiga simu Nampula. Nampula ikisimama, anapiga Mtwara. Zikiandika masharti yaleyale ya taarifa ya mapema, hana pa kupiga simu. Jambo hilo halihitaji mkutano wa wakuu wa nchi wala zulia jekundu. Makatibu wakuu watatu wa biashara wanatosha, wakutane Mbeya au Blantyre, popote palipo karibu, na barua iwe imefika Delhi kabla ya Novemba, kwa sababu Novemba mbegu zinaingia ardhini.