Remblai kando ya mto: tuangalie Kilembe

Mvua ikianza, swali ni lile lile: hizi remblai zinazolala kando ya mito yetu, nani atazitosha? Siye tunasema wakubwa wa migodi waende kwanza kuangalia Rwenzori, ule mlima ulio kwenye mpaka wetu na Uganda.

Kilele chake, Margherita, kina mita 5109. Kule juu kuna barafu, hata kama ikweta iko karibu. Maji yanashuka pande mbili. Upande wetu, mto Butahu unateremka mpaka Semliki. Upande wa Uganda, mto Mubuku unakwenda ziwa George, toka pale maji yanapita Kazinga, yanaingia ziwa Edouard, na mwisho yanatokea Semliki vilevile. Maji yote yanakutana, yanakwenda ziwa Albert na Nile.

Watu wengi wanazani mto kama huu unaishi kwa barafu. Hapana. Wenye elimu walipima Mubuku pale chini ya mlima: barafu inaleta chini ya 2 kwa 100 ya maji yake. Mengine ni mvua, inayonyesha kule juu kupita mita mbili kwa mwaka. Udongo wa matope na majani ya mlimani unainywa kama sponji, pori linaishika, kisha inatoka pole pole. Barafu imeyeyuka sana tangu 1906, lakini mto bado una nguvu. Na mlima una miteremko mikali: mvua ikizidi, mto unashuka na mawe makubwa.

Sasa, mto jirani wa Mubuku unaitwa Nyamwamba. Katika bonde lake ndimo iko Kilembe, ambako walichimba shaba tangu miaka ya 1950 mpaka 1982. Shaba yenye kobalti, sawa na yetu. Kazi ilisimama, lakini uchafu wa mgodi ulibaki ndani ya bonde, karibu na maji. Mwezi wa tano 2013, mto ulifurika. Mwezi wa tano 2020, tena. Nyumba zilikwenda, hospitali iliharibika, na mto ulikula yale malundo, ukayapeleka chini kwenye mashamba na visima vya watu.

Tutaambiwa: hapa kwetu hakuna mlima wa barafu. Ni kweli. Lakini hata kule, barafu haikuvunja kitu. Ni mvua, mteremko, na uchafu uliowekwa mahali pa maji. Mvua tunayo, na uchafu tunao.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Remblai zihamishwe mbali na mto wakati mgodi ungali unapata faida, maana mgodi ukifungwa hakuna tena wa kulipa. Na miti ya kando ya mto isikatwe ovyo kwa makala. Maji hufuata mkondo; kama tumeziba mkondo na sumu, atakayeinywa ni mtoto wa mchimbaji.