Atomu isifungiwe katika karatasi ya mtihani

Jioni moja hapa Eldoret, mpwa wangu aliye kidato cha nne aliniletea daftari lake la Fizikia nimsikilize akijipima kwa ajili ya mtihani wa KCSE. Swali lilikuwa la kawaida: elementi ambayo nusu maisha yake ni siku 8 ina uzani wa gramu 40, je, zitasalia gramu ngapi baada ya siku 24? Alijibu bila kusita kwamba ni gramu 5, nami nikampongeza. Lakini kabla hajalifunga daftari aliniuliza swali lisilokuwa na alama: "Mjomba, mama jirani amerudi kutoka Nairobi alikotibiwa saratani kwa miale. Watu wamekataa kunywa chai kwake. Je, ile miale ingali mwilini mwake?"

Sikuwa na jibu. La aibu zaidi ni kwamba mimi mwenyewe sikuwa nimekanyaga mlangoni kwa mama yule tangu arejee.

Jibu nililipata baadaye kwa mwalimu mmoja rafiki yangu. Tiba aliyopata mama jirani hutolewa na mtambo ulio nje ya mwili. Mtambo ukizimwa, miale imekwisha, sawa na mtu aliyepigwa eksirei asivyotoka chumbani akiwa taa. Mgonjwa aliyemezeshwa dawa ya ayodini-131 kwa maradhi ya tezi ya shingo ndiye hutoa miale kwa siku kadhaa, na daktari humwamuru ajitenge kidogo, hasa na watoto na wajawazito. Amri hiyo si ya milele, kwa kuwa nusu maisha ya ayodini hiyo ni siku 8. Kumbe elementi aliyoihesabu mpwa wangu ilikuwa na jina na kazi! Daftari halikumwambia.

Kisa hiki kidogo ni kioo cha jambo kubwa. Katika silabasi ya 8-4-4, mada ya kiini cha atomu huwekwa mwishoni mwa kidato cha nne, wakati walimu wanakimbizana na kalenda na wanafunzi wamezama katika karatasi za majaribio. Karatasi ya vitendo huhusu nyaya, lenzi na mizani; kiini huachiwa karatasi ya nadharia. Hivyo mtahiniwa hukariri kwamba chembe ya alfa ina protoni mbili na nyutroni mbili, husawazisha mlinganyo, hugawanya kwa mbili mara tatu, kisha huyaacha yote mlangoni mwa chumba cha mtihani. Isitoshe, shule nyingi humruhusu mwanafunzi kuliacha somo la Fizikia aingiapo kidato cha tatu. Huyo hata hukariri hakariri.

Na bado taifa hili linajiandaa kuamua juu ya atomu. Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019 iliunda Shirika la Kawi ya Nyuklia, NuPEA, litayarishe ujenzi wa kituo cha umeme. Mwaka wa 2024 wakazi wa Uyombo, kaunti ya Kilifi, waliandamana kuupinga mradi huo. Mwaka wa 2025 macho ya serikali yaligeukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Sisemi hapa kwamba wapingaji wamekosea au wamepatia. Wanaoogopa wana Chernobyl ya 1986 na Fukushima ya 2011 za kutaja. Wanaounga mkono wana kituo cha Koeberg cha Afrika Kusini, kilichoanza kuzalisha umeme mwaka wa 1984. Ninalosema ni kwamba mwananchi asiyejua tofauti ya miale na uchafu unaotoa miale hawezi kumhoji mtaalamu, wala hawezi kumtambua anayemdanganya, awe wa upande upi. Atashangilia asichokijua au atakikimbia.

Wapo watakaosema kwamba mada hii haiwezi kufundishwa kwa vitendo, maadamu vitu vinavyotoa miale ni vya hatari na humilikiwa kwa leseni. Hoja hiyo ni nzito, lakini haitoshi. Uasin Gishu ni ghala la mahindi. Mwalimu na achukue punje 80, azitie wino upande mmoja, azitikise katika kopo na kuzimwaga mezani. Zilizoonyesha wino ziondolewe, zilizobaki zihesabiwe, kisha zitikiswe tena. Zitabaki 40 hivi, halafu 20 hivi, halafu 10 hivi. Hakuna awezaye kusema ni punje ipi itakayoondoka safari ijayo, ila kila mtu aweza kukadiria ni ngapi. Hiyo ndiyo siri ya nusu maisha, nayo haigharimu hata shilingi kumi.

Aidha, atomu si mgeni kwetu. Mlima Mrima wa kaunti ya Kwale hutoa miale ya asili kwa sababu ya madini ya thoriamu. Sisi wa Eldoret, tulio mita 2,100 hivi juu ya bahari, hupokea miale mingi zaidi ya kutoka angani kuliko ndugu zetu wa Mombasa. Umri wa miamba ya volkano iliyofunika mabaki ya watu wa kale huko Turkana ulipimwa kwa potasiamu inayogeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Mwanafunzi akielezwa haya, hatakiona kiini kuwa hadithi ya Ulaya.

Darasa la mwisho la 8-4-4 liliingia sekondari mwaka wa 2024, na linatarajiwa kufanya KCSE mwaka wa 2027. Mtaala mpya wa umilisi umegawa sekondari ya juu katika njia tatu, na ya sayansi ni moja tu. Nachelea kwamba kosa la kale litarithiwa: watakaochagua sanaa au masomo ya jamii watakuwa wapigakura na wauguzaji wa wazazi wao bila kuelezwa miale ni nini. Yafaa wastawishaji mitaala waliingize fungu dogo la elimu hii katika masomo ya wote, na watunga mitihani waulize sababu badala ya hesabu tupu.

Kuhusu mama jirani, nilikwenda kwake Jumapili iliyofuata, nikiwa na mpwa wangu. Tulikunywa chai vikombe viwili viwili. Hakutuuliza tulikuwa wapi siku zote zile, nami sikuwa na ujasiri wa kumweleza.